Baisikeli ya Ghali na Baisikeli ya Rahisi



Swali tunalotaka kulipima mwezi huu si geni. Husikika mlangoni pa duka, husikika chini ya mwembe kwa fundi, na nyumbani pia husikika, mume na mke wakihesabu fedha zao usiku. Ndilo hili: Je, baisikeli ya ghali yastahili fedha zake, au ile ya rahisi yatosha?

Labda mwingine atasema, "Hilo ni neno la biashara; tumwachie mwenye duka." Lakini sivyo. Kila mahali mtu anapotoa jasho lake na kulibadili liwe kitu, hapo pana neno la haki na neno la busara. Fedha ni siku za mtu zilizokwisha kufanyiwa kazi. Azitupaye ametupa siku zake mwenyewe. Naye azichukuaye kwa hila ameiba siku za mwenzake. Kwa hiyo haifai tulipite swali hili kama neno dogo.

Wazee wetu wametuachia maneno mawili yanayoonekana kushindana. La kwanza lasema, "Rahisi huwa ghali." La pili lasema, "Vyote ving'aavyo si dhahabu." La kwanza latuonya tusivutwe na bei ndogo, la pili latuonya tusivutwe na sura nzuri. Mtu akilishika moja na kuliacha la pili, hupotea. Basi na tuyashike yote mawili, tukiitazama baisikeli yenyewe.

Kwanza inafaa tukumbuke chombo hiki kilitoka wapi. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja, jina lake Karl von Drais, aliwaonyesha watu wa mji wa Mannheim chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedali. Mpandaji alisukuma ardhi kwa miguu yake, kama mtu akimbiaye naye ameketi. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris wakatia pedali katika gurudumu la mbele. Kisha likaja gurudumu la mbele kubwa mno, lenye kimo cha kifua cha mtu, na mpandaji aliyekosea alianguka kwa kichwa. Vyombo hivyo vilikuwa zaidi michezo ya wenye mali. Mwaka 1885 John Kemp Starley, wa mji wa Coventry katika Uingereza, alitoa baisikeli iliyoitwa Rover, ambayo magurudumu yake yalikaribia kulingana, na mnyororo ulivuta gurudumu la nyuma. Na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alipata hati ya kazi yake ya mpira uliojazwa upepo. Tangu hapo umbo la baisikeli halikubadilika sana. Fundi wa siku zile akionyeshwa baisikeli ya kijijini kwetu leo, ataijua mara moja.

Angalieni jambo moja katika habari hiyo. Faida ya baisikeli kwa ulimwengu haikuja ilipokuwa kitu cha anasa kwa wachache. Ilikuja viwanda vilipoongezeka, bei ikashuka, na baisikeli iliyo njema ikafika mikononi mwa mtu aendaye kazini kwa miguu.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki mambo yalikwenda vivyo hivyo. Kwanza baisikeli ilikuwa ya Mzungu. Kisha ikawa ya mwalimu, ya karani, na ya mwinjilisti aliyesafiri toka kijiji hata kijiji. Kwa miaka mingi jina la Raleigh, la kiwanda cha Nottingham, lilikuwa kama jina la baisikeli yenyewe. Baadaye zikaja kwa wingi Phoenix za Shanghai na Hero za Ludhiana katika India, na mkulima naye akaweza kununua. Mpakani mwa Kenya na Uganda, penye Busia, vijana walianza kuwapakia wasafiri katika keria na kuwavusha toka mpaka hata mpaka. Ndiko lilikotoka jina la boda boda, kabla halijachukuliwa na pikipiki. Basi kwetu sisi baisikeli si mchezo. Ni punda asiyekula majani. Hubeba ndizi, mkaa, maziwa, madumu ya maji, mgonjwa, na mtoto wa shule. Na mtu akiuliza habari ya bei ya punda, anauliza habari ya chakula chake.

Sasa tuanze na baisikeli ya rahisi mno. Sisemi ile ya bei ya kadiri, bali ile inayouzwa kwa bei ya kushangaza, nayo ni mpya, yenye rangi ya kung'aa, yenye gia kumi na nane, na springi mbele na nyuma kama za washindani wa milimani. Tujiulize: Bei yake imepunguzwa wapi? Haikupunguzwa katika rangi, maana macho ya mnunuzi hufika hapo kwanza. Imepunguzwa mahali asipoona. Ringi ni laini. Ikiingia shimoni hupinda. Spoku ni nyembamba, wala hazikukazwa sawasawa. Moja ikikatika, jirani yake huongezewa mzigo, na kesho nayo hukatika. Vikombe vya gololi havikutiwa ugumu kwa moto, basi gololi huvila kama panya alavyo mhogo. Pini ishikayo mkono wa pedali ni ya chuma dhaifu. Hulegea, fundi huigonga kwa nyundo, nayo hulegea tena. Breki ni za bati lililokunjwa, hupinda kabla ya kushika. Na zile springi, badala ya kumsaidia mpandaji, hunywa nguvu za miguu yake na kumwongezea uzito.

Chombo cha namna hii mimi nakiita sanamu ya baisikeli. Kina umbo lake, lakini hakina nguvu zake. Wala haya si malalamiko ya nchi zetu peke yake. Mwaka 2022 mafundi wengi wa Marekani walitia sahihi ombi la pamoja, wakiwasihi wenye viwanda na wenye maduka makubwa waache kuuza baisikeli zisizodumu wala kutengenezeka. Walitaka iwekwe kanuni kwamba baisikeli idumu walau saa 500 za kuendeshwa kabla ya kuharibika. Fikirini: saa 500! Mchuuzi wa maziwa anayeendesha saa nne kila siku huzimaliza katika miezi minne tu. Na hata hizo wale mafundi waliona kwamba ni lazima waziombe.

Na tupige hesabu. Hesabu hii ni ya mfano, si bei ya duka lo lote. Kila msomaji aweke bei za kwao. Tuseme baisikeli dhaifu ni shilingi 150,000, yadumu miaka miwili, na kila mwezi fundi hupewa shilingi 8,000. Tuseme baisikeli imara ni shilingi 300,000, yadumu miaka sita, na fundi hupewa shilingi 3,000 kwa mwezi. Katika miaka sita mwenye baisikeli dhaifu atanunua mara tatu, yaani shilingi 450,000. Na fundi atapata shilingi 576,000. Jumla ni shilingi 1,026,000. Mwenye baisikeli imara atatoa shilingi 300,000 za kununua na 216,000 za fundi; jumla ni shilingi 516,000. Hivyo yule aliyeanza kwa kutoa nusu, amemaliza kwa kutoa karibu mara mbili. Tena hatujahesabu siku alizokaa kwa fundi na maziwa yakaganda, wala jino lililovunjika siku breki ilipokataa kushika mteremkoni.

Basi neno la kwanza limethibitika: rahisi huwa ghali. Lakini tusikimbilie kusema kwamba ghali ndiyo bora siku zote. Twende tukaitazame na baisikeli ya ghali mno.

Katika Ulaya na Marekani ziko baisikeli za mashindano zinazouzwa kwa zaidi ya dola 10,000 kila moja. Fremu yake si chuma, bali nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Gia zake hubadilika kwa nguvu ya betri. Fedha hizo hununua nini? Kwanza hununua wepesi. Baisikeli ya kazi ya huku kwetu yaweza kuwa na uzito wa kilo 20 na zaidi. Ile ya mashindano ina kilo saba hivi. Wepesi huo umefika hata chama kinachotawala mashindano ya baisikeli duniani kikatia mpaka: tangu mwaka 2000 baisikeli ya mashindano isipungue kilo 6.8.

Toka kilo 20 mpaka kilo 9 ni badiliko kubwa, na kila mwenye magoti atalihisi mlimani. Lakini baisikeli ya kilo 9 si lazima iwe ya bei ya kutisha. Bei ya kutisha huja katika kilo mbili za mwisho. Na tuzipime. Mpandaji wa kilo 70 juu ya baisikeli ya kilo 9 ni kilo 79 pamoja. Juu ya baisikeli ya kilo 7 ni kilo 77. Amepunguza sehemu moja ya arobaini hivi. Mlima uliomchukua dakika arobaini utamchukua thelathini na tisa. Kwa dakika hiyo moja amelipa mali nyingi. Naye angaliweza kupunguza uzito ule ule kwa kuacha nyumbani lita mbili za maji.

Pili, fedha hizo hununua ushindi juu ya upepo. Mtu aendaye kwa kasi hushindana zaidi na upepo kuliko na uzito wake; na mwendo ukiwa maradufu, upinzani wa upepo huwa mara nne. Walakini sehemu kubwa ya upinzani huo huletwa na mwili wa mpandaji, si na baisikeli. Hapa pana mfano mzuri. Mwaka 1972 Eddy Merckx, Mbelgiji, aliendesha kilomita 49.431 kwa saa moja katika uwanja wa mji wa Mexico, akiwa ameketi kama kawaida. Mwaka 1996 Mwingereza Chris Boardman aliendesha kilomita 56.375 kwa saa moja, kwa baisikeli iliyoundwa ili kukata upepo, na mikono yake ameinyosha mbele kabisa. Kisha wakubwa wa mchezo wakaweka kanuni kwamba kipimo cha saa moja kifanywe kwa baisikeli inayofanana na ile ya Merckx. Mwaka 2000 Boardman yule yule akajaribu kwa kanuni hiyo, akaendesha kilomita 49.441. Alimpita Merckx kwa mita kumi tu. Mtu alikuwa mmoja; kilichobadilika zaidi ni chombo na namna ya kukaa juu yake.

Basi hatuwezi kusema kwamba ghali haileti kitu. Huleta. Kwa mtu ambaye saa yake hupimwa kwa mita, nayo mita ni mshahara wake, baisikeli ya ghali ni jembe. Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024, alikuwa kazini. Wala hapana mtu mwenye akili awezaye kumwambia seremala kwamba randa yake ni anasa. Lakini mwezi wa Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Siku ya wanaume wakubwa walianza zaidi ya mia, karibu wote wakiwa juu ya vyombo vya bei isiyosemeka, na wengi wao hawakufika mwisho. Vilima vya Rwanda havikuuliza bei. Aliyeshinda, Tadej Pogačar wa Slovenia, hakushinda kwa kuwa baisikeli yake ilikuwa ya ghali kuliko za wenzake, maana za wenzake nazo zilikuwa za ghali. Na vilima vile vile kila siku hupandwa na wakulima wanaosukuma baisikeli za chuma zilizojaa viazi na ndizi, wala hapana anayewapigia makofi.

Kutokana na hayo twaona kanuni moja. Toka kibaya mpaka kizuri, fedha kidogo huleta faida nyingi. Toka kizuri mpaka kizuri sana, fedha nyingi huleta faida kidogo. Na toka hapo kwenda juu, fedha nyingi mno huleta faida ambayo mnunuzi wa kawaida hawezi kuihisi, ila macho ya jirani huihisi. Mwaka 1899 Thorstein Veblen, mtaalamu wa Marekani, alitoa kitabu juu ya desturi za watu wa starehe, akaonyesha kwamba vitu vingine hununuliwa hasa ili watu waone kwamba mnunuzi ana mali ya kupoteza. Hilo si neno la Wamarekani tu. Hata katika vijiji vyetu iko baisikeli iliyofungwa karatasi ya duka fremu nzima, yenye taa na kengele mbili, nayo imening'inizwa ukutani isiguswe na vumbi. Na huku mama wa nyumba anakwenda kisimani na ndoo kichwani. Baisikeli hiyo, hata kama ilinunuliwa kwa bei ndogo, ni ya ghali kupita kiasi, kwa kuwa haifanyi kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Hapa ndipo tunapofika penye shina la swali. Thamani ya kitu ni nini? Aristoteli, mwenye hekima wa Wayunani, alifundisha kwamba kiatu kina matumizi mawili: chaweza kuvaliwa, na chaweza kubadilishwa kwa kitu kingine. Matumizi ya kwanza ndiyo yaliyomfanya fundi akishone. Vivyo hivyo baisikeli ina bei, nayo ina kazi. Bei huandikwa dukani. Thamani huandikwa njiani. Haiwezekani kuijua thamani ya baisikeli mpaka tujue njia itakayopita, mzigo itakaobeba, na mtu atakayeipanda.

Nitoe mifano miwili. Katika mji wa Goma, mashariki ya Kongo, ambako watu husema Kiswahili, kiko chombo kiitwacho chukudu. Ni cha mbao, chenye magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mpira, hakina pedali wala mnyororo. Mtu hukisukuma mlimani, na mteremkoni hukipanda. Hubeba mamia ya kilo za viazi, kuni na mkaa juu ya mawe ya volkano ambayo yangaliikata baisikeli ya kaboni kwa siku moja. Kikivunjika, mti na msumari hukiponya. Watu wa Goma wamekiheshimu hata wakajengewa sanamu yake yenye rangi ya dhahabu katika njia panda ya mji. Kumbe cha rahisi chaweza kuwa chema, kikiwa kimeundwa na mtu aijuaye kazi yake na asiyemficha mnunuzi neno.

Mfano wa pili ni wa Zambia. Shirika liitwalo World Bicycle Relief lilianzishwa mwaka 2005, baada ya mawimbi makubwa ya bahari yaliyoiharibu Sri Lanka mwishoni mwa mwaka 2004. Lilipokwenda kufanya kazi Zambia, liliona kwamba baisikeli zilizokuwa sokoni hazistahimili barabara za vijijini. Basi likaunda yake, ikaitwa Buffalo, yaani nyati. Haina gia nyingi wala springi. Ni chuma kizito cha kilo 23 hivi. Keria yake hubeba kilo 100. Breki yake ya nyuma hushika kwa kurudisha pedali nyuma. Nayo imeundwa ili fundi wa kijijini aweze kuitengeneza. Tena mafundi walifundishwa na vipuri vikapelekwa. Mwaka 2017 na 2018 wataalamu walipima huko Zambia faida ya kuwapa wasichana wa shule baisikeli hizo. Wakaona kwamba muda wa njiani ulipungua kwa karibu theluthi, na siku za kukosa shule zikapungua kwa zaidi ya robo. Baisikeli hiyo si ya rahisi kuliko zote sokoni, wala haifiki karibu na bei ya zile za mashindano. Ni ya bei ya kadiri, kwa kazi iliyo wazi.

Kutoka hapo nathubutu kusema neno ambalo wengine wataliona limepinduka. Watu hudhani kwamba baisikeli nzuri ni ya tajiri, na maskini yamfaa ile dhaifu. Mimi naona kinyume. Tajiri aendeshaye Jumapili jioni kwa ajili ya afya yake, baisikeli dhaifu yamtosha. Ikivunjika atapanda gari arudi nyumbani. Bali maskini ambaye ugali wa watoto wake umefungwa katika keria, huyo ndiye asiyeweza kumudu kitu kibaya. Anayehitaji imara kuliko wote ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Hilo ndilo jambo gumu lililofichwa ndani ya swali letu, nalo haliishi kwa kumwambia maskini, "Nunua kilicho chema." Yeye ajua. Hakukosa akili, amekosa shilingi 300,000 siku moja. Amepata 150,000, na kesho ni siku ya soko. Yule mwenye fedha hulipa mara moja. Asiye nazo hulipa mara nyingi, na mwisho amelipa zaidi, kwa sababu tu alikuwa maskini. Tukimcheka kwa kununua rahisi, tumecheka shida yake.

Basi, ndugu, wajibu umegawanyika kwa watu watatu.

Wa kwanza ni muuzaji. Kuuza kitu cha bei ndogo si kosa. Maskini wanahitaji vitu vya bei ndogo. Kosa ni kuuza sanamu kwa jina la kitu. Mwenye duka ajua kwamba ringi ile haitavumilia gunia, naye anamwona mnunuzi amekuja na kamba ya kufungia magunia. Akinyamaza, kunyamaza kwake ni mizani ya hila. Na aseme, "Hii ni ya mtoto kuchezea; haitabeba mzigo." Atapoteza faida ya siku moja, atabaki na jina lake.

Wa pili ni mnunuzi. Asiende dukani peke yake, bali na fundi au mtu aijuaye chuma. Aliinue gurudumu na kulizungusha, aone kama linakwenda sawa bila kuyumba. Abane spoku mbili mbili kwa vidole, asikie kama zimekazwa sawa. Ashike mikono ya pedali na kuitikisa. Atazame viungo vya fremu, si rangi yake. Aulize: Vipuri vyake vyapatikana hapa? Fundi wetu anaijua? Maana baisikeli bora isiyotengenezeka kijijini ni mgeni asiyejua lugha; ikiugua, hapana wa kuielewa. Wala asione haya kununua kuukuu iliyo imara badala ya mpya iliyo dhaifu. Fremu ya chuma chema iliyokwisha kutembea miaka ishirini imekwisha kushuhudiwa na barabara. Ile mpya bado haina shahidi ila mwenye kuiuza.

Wa tatu ni sisi sote tunaokaa pamoja naye. Pengo lililo kati ya shilingi 150,000 na 300,000 mtu mmoja huliona ni bonde lisilovukika. Watu kumi huliona ni mfereji. Upatu wa wanawake, vikundi vya kuweka na kukopa, vyama vya akiba na mikopo, vyote hivi ni daraja juu ya bonde hilo. Watu kumi wakitoa kila mmoja shilingi 15,000 kwa mwezi, kila mwezi mmoja wao atapata shilingi 150,000 juu ya zile alizo nazo, na mwezi wa kumi wote wamepata. Hawakupewa sadaka na mtu. Wamekopeshana subira tu. Mchango wa harusi twaweza kuukusanya kwa majuma matatu. Je, mchango wa chombo cha kazi umetushinda?

Labda mtu atauliza, "Na yule mwenye mali, anayenunua baisikeli ya bei ya ng'ombe thelathini kwa kujifurahisha, ametenda dhambi?" Mimi sitaki kumhukumu kwa bei peke yake. Iko kazi nzuri ya mikono katika vyombo hivyo, na kuipenda kazi nzuri si uovu; tena mambo mengine yaliyoanza kwa washindani yalishuka baadaye mpaka kwa watu wote. Lakini nataka ajiulize maneno matatu mbele ya dhamiri yake. Je, nanunua kwa ajili ya miguu yangu, au kwa ajili ya macho ya watu? Je, pana mtu ninayemdai au anayenidai haki yake, naye anangoja huku mimi nanunua? Na je, chombo hiki kitanitumikia, au mimi nitakitumikia kwa kukilinda, kukifuta na kukiogopea? Akijibu vema, na aende zake kwa amani. Naye maskini asimwonee wivu, maana dakika moja iliyopunguzwa mlimani si hasara kwa mtu mwingine, wala si utukufu mkubwa kwa aliyeinunua.

Basi jibu la swali letu ni hili. Baisikeli iliyo ghali kidogo kwa sababu chuma chake ni chema, yastahili fedha zake, na zaidi kwa mtu anayeitegemea kwa chakula. Baisikeli iliyo ghali mno yastahili kwa wachache ambao kazi yao huihitaji. Kwa wengine ni furaha, au ni majivuno, na kila mtu aipime mwenyewe. Baisikeli iliyo rahisi mno haistahili hata hicho kidogo kinachoombwa, maana haitaacha kuomba tena kila mwezi. Na jamaa inayomwacha mtu wa kazi anunue hiyo ya tatu, hali yenyewe ingaliweza kumsaidia anunue ya kwanza, nayo ina sehemu yake katika hasara ile.

Anayetaka kununua mwezi huu, na ahesabu miaka, asihesabu siku moja. Na baisikeli ikifika nyumbani, isitundikwe ukutani. Itolewe nje, ifungwe keria ya nguvu, itiwe mafuta katika mnyororo, impeleke mtoto shule na mama kisimani, na baba sokoni. Ikichakaa kwa kazi hizo, haikupotea hata shilingi moja.